Ujumbe Unatafuta Njia

SOMO: KOMPYUTA ZINAZOHAMAHAMA ZINAVYOPELEKEANA HABARI

Maneno ya kujifunza

Mtandao: kompyuta au simu nyingi zilizounganishwa ili zipelekeane habari.
Ujumbe: habari inayotumwa.
Jirani: mashine iliyo karibu, ambayo sauti ya redio yake inasikika.
Hatua: safari ya ujumbe kutoka mashine moja hadi jirani yake.
Kupitisha: kupokea ujumbe wa mwingine na kuupeleka mbele.

1. Nyumba haihami, mtu anahama

Siku hizi watu wengi vijijini wana simu za mkononi. Mtu aliyeko shambani huzungumza na ndugu yake aliyeko mjini. Leo ndugu huyo yuko sokoni. Kesho yuko kituo cha mabasi. Keshokutwa yuko njiani anarudi nyumbani. Hata hivyo, ukimpigia, simu yake inalia. Je, umewahi kujiuliza simu yako inajuaje mahali alipo?

Barua haina shida hiyo. Barua huenda kwenye sanduku la posta, na sanduku halihami. Lakini mtu mwenye simu anahama, na simu inahama naye. Njia ya jana huenda leo si njia tena.

Katika somo hili tutajifunza jinsi ujumbe unavyotafuta njia wakati mashine zenyewe zinahamahama. Tutaona pia jinsi ya kuipata njia hiyo bila kumaliza betri na bila kupiga kelele nyingi hewani. Jambo hili si la wataalamu peke yao. Siku ya hatari, ujumbe unaochelewa unaweza kugharimu maisha ya mtu.

2. Simu na minara yake

Kwanza tuangalie simu ya kawaida. Simu yako haizungumzi moja kwa moja na simu ya ndugu yako. Inazungumza na mnara ulio karibu nawe. Mnara huo umeunganishwa na mitambo ya kampuni ya simu. Mitambo hiyo inatafuta mnara ulio karibu na ndugu yako.

Kampuni hugawa nchi katika maeneo. Kila eneo lina minara kadhaa. Simu ya ndugu yako ikiingia eneo jipya, inatoa taarifa yenyewe: "Sasa niko eneo hili." Ukimpigia, minara ya eneo hilo inaiita simu yake. Simu inaitika, ndipo mnajulishana hali.

Sasa fikiri kidogo. Kama eneo ni kubwa sana, minara mingi italazimika kuita ili kumpata mtu mmoja. Hiyo ni kazi nyingi kwa minara. Kama eneo ni dogo sana, kila mtu akitembea kidogo simu yake italazimika kutoa taarifa mpya. Hiyo ni kazi nyingi kwa simu, na betri inakwisha. Kwa hiyo wataalamu hutafuta kipimo cha katikati.

Shika jambo hili, maana litarudi katika somo zima: kujua mahali mtu alipo kuna gharama, na kutojua nako kuna gharama.

3. Mahali pasipo na mnara

Je, ikiwa hakuna mnara? Au mnara upo, lakini umeangushwa na upepo, au umeme wake umekatika?

Hapo mashine zinaweza kusaidiana zenyewe kwa zenyewe. Kila mashine inakuwa mnara mdogo wa wenzake. Umeona watu wakizima moto kwa ndoo za maji? Wanasimama kwenye mstari kutoka kisimani hadi kwenye moto. Kila mmoja anapokea ndoo na kumpa mwenzake. Hakuna anayekimbia njia nzima, lakini maji yanafika. Mashine nazo hupokezana ujumbe hivyo hivyo.

Wamarekani walianza kujaribu jambo hili katika miaka ya 1970. Fedha zilitolewa na Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo, kwa sababu askari walio vitani hawawezi kungoja wajengewe minara. Tarehe 22 Novemba 1977 gari moja lilikuwa likitembea barabarani katika eneo la San Francisco. Ndani ya gari mlikuwa na kompyuta na redio. Ujumbe wa kompyuta hiyo ulipita katika mtandao wa redio. Kisha ulipita katika mtandao wa nyaya, ukaruka kwa setilaiti hadi Ulaya, ukarudi tena Marekani. Ujumbe ulifika ingawa gari lilikuwa likienda.

Katika mtandao ule, kila redio ilijitangaza kwa majirani zake kila baada ya sekunde 7.5. Ilikuwa kama kusema, "Mimi nipo, na njia ninazozijua ni hizi." Hivyo ndivyo redio zilivyojua nani yuko karibu na nani ameondoka.

4. Mfano wetu: mafuriko

Tutumie mfano ili tuelewe vizuri. Tuseme mto umefurika na kuingia kijijini. Mnara wa simu haufanyi kazi. Zahanati iko juu ya kilima, salama. Mitumbwi 10 inazunguka majini kuokoa watu. Kila mtumbwi una kompyuta ndogo na redio. Zahanati nayo ina kompyuta na redio. Sauti ya kila redio inafika karibu tu, haifiki mbali.

Mtumbwi namba 7 umemchukua mama mjamzito. Uchungu umeanza, na mama anatokwa damu. Watu walio mtumbwini wanataka mkunga ajiandae, na dawa ziwe tayari. Lakini redio ya namba 7 haifiki zahanati. Wafanyeje?

Chukua daftari lako uchore. Weka zahanati upande mmoja wa ukurasa na namba 10 upande wa pili. Kisha piga mistari kati ya wanaosikiana:

Zahanati inasikiana na 1 na 2.
Namba 1 inasikiana na zahanati, 2 na 3.
Namba 2 inasikiana na zahanati, 1 na 4.
Namba 3 inasikiana na 1 na 5.
Namba 4 inasikiana na 2 na 6.
Namba 5 inasikiana na 3 na 7.
Namba 6 inasikiana na 4 na 7.
Namba 7 inasikiana na 5, 6 na 8.
Namba 8 inasikiana na 7, 9 na 10.
Namba 9 na namba 10 zinasikiana, na zote mbili zinasikiana na 8.

Ukitazama mchoro wako utaona njia. Ujumbe unaweza kutoka 7 kwenda 6, kisha 4, kisha 2, kisha zahanati. Hizo ni hatua 4. Wewe umeiona njia kwa sababu una mchoro wote mbele yako. Namba 7 haina mchoro. Yenyewe inawasikia 5, 6 na 8 tu. Tena mitumbwi inasukumwa na maji, na mchoro unabadilika kila mara.

5. Njia ya kwanza: kujitangaza wakati wote

Njia ya kwanza ni kila mashine kujitangaza mara kwa mara, hata kama hakuna mwenye ujumbe. Kila mmoja anawaambia majirani, "Mimi nipo, na ninajua kufika kwa fulani na fulani." Majirani wanaandika, kisha nao wanawaambia majirani zao. Baada ya muda kila mashine ina orodha ya njia zote.

Charles Perkins na Pravin Bhagwat walieleza kanuni moja ya namna hii mwaka 1994. Kanuni nyingine, iitwayo OLSR, ilitengenezwa na wataalamu wa Ufaransa na ikachapishwa mwaka 2003. Katika OLSR mashine huwasalimu majirani zake kila baada ya sekunde 2. Habari za njia hutumwa mbali zaidi kila baada ya sekunde 5.

Faida yake ni kwamba njia inajulikana mapema. Namba 7 ikitaka kutuma ujumbe, inatazama orodha na kutuma mara moja.

Hasara yake ni kelele. Tupige hesabu. Saa moja ina sekunde 3,600. Tuseme kila mashine inajitangaza kila baada ya sekunde 5. Kwa saa moja itajitangaza mara 720. Sisi tuna mitumbwi 10 na zahanati, jumla mashine 11.

720 x 11 = 7,920

Hewani kutakuwa na matangazo 7,920 kwa saa moja, hata kama hakuna mtu aliyetuma ujumbe wowote. Kila tangazo linakula betri. Wakati wa mafuriko, nani atachaji betri na wapi?

6. Njia ya pili: kuuliza unapohitaji

Njia ya pili ni kukaa kimya mpaka uwe na ujumbe wa kutuma. Hapo ndipo unapouliza njia.

David Johnson na David Maltz walieleza kanuni ya namna hii mwaka 1996. Kanuni nyingine inaitwa AODV. Iliandikwa na Charles Perkins, Elizabeth Belding-Royer na Samir Das, na ilichapishwa Julai 2003. Tuone jinsi AODV inavyofanya kazi kwenye mitumbwi yetu.

Namba 7 inauliza, "Nani anajua njia ya zahanati?" Namba 5, 6 na 8 zinasikia. Hazijui. Kila moja inaandika, "Swali hili nimelipata kwa 7." Kisha inarudia swali lile lile. Namba 4 inalisikia kwa 6, inaandika, inarudia. Namba 2 inalisikia kwa 4, inaandika, inarudia. Zahanati inasikia.

Swali lina namba yake. Mtumbwi ukilisikia mara ya pili unalijua, na haulirudii tena. Hivyo kila mtumbwi unasema mara moja tu.

Sasa zahanati inajibu, "Mimi niko hapa." Jibu halitangazwi kwa wote. Linarudi kwa kufuata yale yaliyoandikwa. Zahanati inampa 2, naye anampa 4, naye anampa 6, naye anampa 7. Njia imepatikana.

Tupige hesabu tena. Swali limesemwa mara 10, yaani mara moja kwa kila mtumbwi. Jibu limesemwa mara 4.

10 + 4 = 14

Kisha ujumbe wenyewe unakwenda kwa mara 4: "Mama mjamzito anatokwa damu. Tunakuja. Mkunga ajiandae." Hata kama njia itatafutwa upya mara 10 kwa saa moja, hesabu ni 140 tu. Linganisha na 7,920.

Hasara ya njia hii ni kungoja. Mwenye ujumbe hawezi kutuma mpaka jibu lirudi.

7. Uliza karibu kwanza

Mtu akipoteza mbuzi haanzi kwa kwenda wilayani. Anaanza kwa jirani. AODV nayo inaweza kufanya hivyo. Swali la kwanza linapewa hatua 1. Majirani wanalisikia lakini hawalirudii. Lisipojibiwa, linaulizwa tena na kupewa hatua 3, kisha 5, kisha 7. Likishindikana huko kote ndipo linaulizwa mtandao mzima.

Tuseme namba 6 ilikuwa ikizungumza na zahanati sasa hivi, na inaijua njia. Namba 7 inauliza mara 1. Namba 6 inajibu mara 1. Jumla ni 2 badala ya 14. Hiyo ni faida kubwa.

Lakini tuwe waangalifu. Kama hakuna jirani anayejua, swali litarudiwa. Kwa hatua 1 litasemwa mara 1. Kwa hatua 3 litasemwa mara 8. Kwa hatua 5 litasemwa na mitumbwi yote 10, na hapo litafika.

1 + 8 + 10 = 19

Hapo tumetumia zaidi kuliko kuuliza wote tangu mwanzo. Kwa hiyo kuuliza karibu kunafaa pale ambapo majirani huwa wanajua.

8. Habari mpya na habari ya zamani

Umewahi kumtafuta mtu, ukaambiwa, "Yuko kwa jirani," na jirani akakuambia, "Ametoka hapa, karudi kule ulikotoka"? Unaweza kuzunguka kutwa nzima. Hakuna aliyekudanganya. Wote wawili walikupa habari ya zamani.

Ujumbe nao unaweza kuzungushwa hivyo. Namba 7 inaupeleka kwa 8, kwa kuamini 8 inajua njia. Namba 8 inaurudisha kwa 7, kwa kuamini 7 inajua njia. Ujumbe unakwenda na kurudi, betri zinakwisha, na mama anangoja.

Dawa yake ni namba ya habari. Zahanati inapotoa habari mpya kuhusu yenyewe, inaongeza namba. Tuseme namba 8 inasema, "Mimi najua njia ya zahanati, habari yangu ni ya 15." Namba 6 inasema, "Mimi pia najua, habari yangu ni ya 18." Namba 7 itafuata 18, maana ndiyo mpya. Itafuata hiyo hata kama njia ya 8 inaonekana fupi zaidi. Namba zikiwa sawa, ndipo inachagua njia fupi.

Tena njia isiyotumika inafutwa. AODV inapendekeza ifutwe baada ya sekunde 3 ikiwa haijatumika. Anayetengeneza mtandao anaweza kubadili muda huo. Mashine zinazokwenda kasi zinahitaji muda mfupi. Zinazokwenda polepole zinaweza kukumbuka kwa muda mrefu zaidi.

9. Njia inapokatika

Sasa maji yanausukuma mtumbwi namba 4. Umekwenda mbali, na namba 6 haiusikii tena. Ujumbe mwingine wa namba 7 umefika kwa 6. Namba 6 inaupeleka kwa 4, lakini haipati jibu la kupokelewa. Inajaribu tena. Kimya.

Namba 6 isinyamaze. Ni lazima imwambie 7 mara moja, "Njia ya zahanati kupitia kwangu imekatika." Namba 7 inafuta njia ile na kuuliza upya. Safari hii jibu linarudi kwa 1, 3 na 5. Njia mpya ni 7, 5, 3, 1, zahanati. Nayo ni hatua 4.

Mtandao wa mashine zinazohama hauwezi kuzuia njia zisikatike. Unachoweza ni kutoa habari haraka njia inapokatika, na kuwaambia wale tu walioitumia njia ile. Namba 9 na 10 hazikuitumia, kwa hiyo hazina haja ya kusumbuliwa.

10. Kelele zikizidi

Katika mkutano wa kijiji, watu wawili wakisema pamoja hakuna anayeeleweka. Redio ni hivyo hivyo. Mashine mbili zikisema kwa wakati mmoja mahali pamoja, sauti zinagongana na ujumbe unapotea.

Tuseme mashine 30 ziko uwanja mmoja na zote zinasikiana. Moja ikitangaza, nyingine 29 zimesikia. Zote 29 zikirudia, hakuna linaloongezeka ila kelele. Mwaka 1999 wataalamu wa Taiwan walieleza hatari hii na kuiita tufani ya matangazo.

Kuna njia za kupunguza kelele hizo. Moja ni ile ya OLSR. Kila mashine inachagua wachache kati ya majirani zake wa kurudia matangazo yake. Inachagua wale tu wanaotosha kuwafikia walio hatua ya pili. Wengine wanasikiliza tu.

Tazama mchoro wako. Namba 9 na 10 ziko mwisho. Kila anayesikiana nazo amekwisha kusikia kutoka kwa 8. Hazina haja ya kurudia. Katika mitumbwi yetu 10 tumepunguza 2, zimebaki 8. Si nyingi, kwa sababu mitumbwi imetawanyika. Mahali ambapo mashine zimesongamana, faida inakuwa kubwa zaidi.

11. Njia fupi si nzuri kila mara

Wasafiri wanajua kwamba barabara fupi yenye matope inaweza kukuchelewesha. Katika redio, hatua moja ndefu huwa na sauti hafifu. Tuseme nusu ya ujumbe unapotea katika hatua kama hiyo. Kwa wastani utautuma mara 2 ili ufike mara 1. Njia ya hatua 2 hafifu itahitaji kutuma mara 4. Njia ya hatua 3 zenye sauti nzuri itahitaji kutuma mara 3 tu. Njia ya hatua 3 ni bora, ingawa inaonekana ndefu.

Mwaka 2003 wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha faida ya kupima njia kwa idadi ya kutuma badala ya idadi ya hatua. Tusihesabu hatua peke yake. Tuhesabu kazi yote.

12. Je, kama hakuna njia kabisa?

Wakati mwingine mtumbwi uko peke yake. Unauliza, hakuna anayejibu. Hapo ujumbe utunzwe, usitupwe. Mtumbwi uubebe mpaka ukutane na mwingine, kisha uukabidhi.

Jambo hili limefanyika kweli. Mwaka 2003 katika jimbo la Ratanakiri, nchini Kambodia, shule za vijijini ziliunganishwa kwa pikipiki. Kila shule ilikuwa na kompyuta iliyotumia umeme wa jua. Pikipiki ilikuwa na kifaa cha redio. Ilipopita karibu na shule, ilichukua barua za kompyuta na kuacha nyingine. Iliporudi mjini, barua zile ziliingia katika intaneti kwa njia ya setilaiti. Hapakuwa na waya wala mnara kila kijiji. Barua zilichelewa, lakini zilifika.

Njia hii haifai kwa mama anayetokwa damu, maana yeye hawezi kungoja pikipiki ya kesho. Inafaa kwa barua, ripoti na masomo. Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia, jiulize kwanza: ujumbe huu unaweza kungoja kwa muda gani?

13. Tukumbuke

Hakuna kanuni moja inayofaa kila mahali.

(a) Ikiwa ujumbe ni mwingi kila wakati, na umeme upo, kujitangaza wakati wote kunafaa.
(b) Ikiwa ujumbe ni mchache, na betri ni ndogo, kuuliza unapohitaji kunafaa.
(c) Habari ya njia iwe na namba, ili mpya ijulikane na ya zamani iachwe.
(d) Njia ikikatika, walioitumia waambiwe mara moja.
(e) Wanaorudia matangazo wawe wachache wanaotosha.
(f) Njia ipimwe kwa kazi yote, si kwa ufupi wake tu.
(g) Pasipo na njia, ujumbe utunzwe na kubebwa.

Katika mfano wetu, ujumbe wa mama ulihitaji kusemwa mara 18 tu hewani: 10 za kuuliza, 4 za kujibu, na 4 za kupeleka ujumbe wenyewe. Kama hewa ingejaa makelele, au namba 6 ingefuata habari ya zamani, huenda mkunga asingejua mpaka mtumbwi ufike mlangoni.

MASWALI

1. Kwa nini barua ya posta haina shida ya njia kama simu?
2. Simu yako inafanya nini unapoingia eneo jipya?
3. Taja faida moja na hasara moja ya kujitangaza wakati wote.
4. Kwa nini swali la kutafuta njia lina namba yake?
5. Namba 6 ilifanya nini ilipoona namba 4 haijibu?

HESABU

1. Mashine 20 zinajitangaza kila baada ya sekunde 10. Zitajitangaza mara ngapi kwa saa moja?
2. Njia moja ina hatua 3, na kila hatua inahitaji kutuma mara 2. Njia nyingine ina hatua 5, na kila hatua inahitaji kutuma mara 1. Ipi ina kazi ndogo?
3. Katika mchoro wako, futa mtumbwi namba 4 na mtumbwi namba 3. Je, namba 7 bado inaweza kufika zahanati? Kama haiwezi, ifanye nini?

Majibu: 1. Mara 7,200. 2. Njia ya hatua 5, maana ni kutuma mara 5, na ile nyingine ni mara 6. 3. Haiwezi. Itunze ujumbe na kuubeba, huku ikiendelea kuuliza kila mara.

MAZUNGUMZO YA DARASA

Zungumzeni katika vikundi. Mnara wa simu ukianguka leo, habari za mgonjwa zitafikaje zahanati kutoka kitongoji cha mbali kabisa? Nani ampe nani habari? Mmoja wao akiwa hayupo nyumbani, nani ashike nafasi yake? Chagueni mwenzenu mmoja aandike majibu ubaoni, kisha kila mmoja ayanakili katika daftari lake.